Barua ya wazi kwa wakuu wa utamaduni Uganda: kusanyeni kazi za Rose Mbowa wakati waliomwona wangali hai

Kwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kwa wakuu wa Kituo cha Taifa cha Utamaduni, Kampala. Kwa uongozi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Na kwa Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Jinja, ninakofundisha Kiswahili na kulea klabu ya maigizo ya shule. Nawaandikia kuhusu marehemu Profesa Rose Mbowa, mwigizaji, mwandishi na mwalimu wa Makerere, aliyetutoka Februari 1999. Naamini wengine kati yenu mlipita mikononi mwake, au mliwahi kukata tiketi ili mumwone. Ombi langu kwenu ni moja: kila kilichobaki cha kazi yake ya jukwaani kikusanywe mahali pamoja, na wale waliomwona akiigiza, au walioigiza naye, warekodiwe wakisimulia, wakiwa bado na nguvu ya kusimulia.

Naharakisha kwa sababu hesabu ya umri haitungoji. Mbowa alizaliwa mwaka 1943. Vijana wenzake wa chuo, waliosafiri naye kuigiza katikati ya miaka ya 1960, leo ni wazee wa miaka themanini na zaidi, wale ambao Mungu bado amewajalia uhai. Hata wanafunzi wake wa mwisho sasa wana watoto wakubwa. Kila msiba tunaoutangaza redioni unaweza kuwa umeondoka na jioni nzima ya tamthilia ambayo haikuandikwa popote.

Mwandishi akifa, kitabu chake kinabaki rafuni. Na Mbowa alikuwa mwandishi pia: mashairi yake ya ujana yalichapishwa mwaka 1971 katika diwani ya washairi wa Afrika Mashariki iliyohaririwa na David Cook na David Rubadiri, na makala zake za miaka ya 1990 kuhusu wasanii wa Uganda chini ya tawala za mabavu bado zinasomwa na kunukuliwa vyuoni, ndani na nje ya nchi. Hayo hayajapotea. Lakini waliomjua hawaanzi kwa kutaja makala. Wanaanza kwa kumtaja akiwa amesimama mbele ya watu. Kazi ile ilikuwa mwili na sauti, na hakuna rafu inayoihifadhi yenyewe tu bila mtu kuamua kuihifadhi.

Niruhusuni nipite kidogo kwenye maisha yake, kwa ajili ya vijana watakaosoma barua hii na ambao hawakumkuta.

Alisoma Gayaza, shule ya wasichana iliyoanza mwaka 1905, kisha akaingia Makerere kusoma Kiingereza. Hapo ndipo alipokutana na kile kikundi cha wanafunzi kilichoanzishwa mwaka 1965 chini ya walimu David Cook na Betty Baker, kikundi cha maigizo ya kusafiri, bila kiingilio. Likizo ndefu ikifika, badala ya kurudi nyumbani kupumzika, wanafunzi hao walipanda gari na mizigo yao ya maleba, wakaenda kuigiza mashuleni, viwanjani na kwenye kumbi za miji midogo. Waliigiza kwa Kiingereza na kwa lugha za watu wa kule walikokwenda, na Kiswahili kilikuwamo. Kwa wengi waliokusanyika kuwatazama, ndiyo mara ya kwanza walipoona tamthilia kwa lugha wanayoielewa. Mbowa alikuwa mmoja wa nyota wa kikundi hicho. Mimi naamini, kwa namna alivyofanya kazi baadaye, kwamba barabara zile za vumbi zilimfunza zaidi kuliko darasa lolote.

Alikwenda Leeds, Uingereza, akapata shahada ya uzamili, akarudi. Akafundisha Makerere katika idara ya muziki, ngoma na tamthilia, akafika kuiongoza.

Miaka iliyofuata haikuwa ya kucheza. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, mwandishi na mwongozaji aliyekuwa msimamizi wa sanaa katika Jumba la Taifa la Maigizo, alirudi kutoka Lagos alikopeleka mchezo wake kwenye tamasha la sanaa za watu weusi, akachukuliwa na watu wa Idi Amin na kuuawa. Robert Serumaga, mwandishi mwingine mkubwa, alifia ugenini Nairobi mwaka 1980. Mbowa aliandika juu ya kipindi hicho kama mtu aliyekuwa ndani yake: jinsi wasanii walivyojifunza kusema jambo kwa kulifunika, na jinsi hadhira ilivyojifunza kusikia kilichofunikwa.

Baada ya vita vya msituni kwisha, mwaka 1987 akatoa mchezo wa Mother Uganda and Her Children. Mama ana watoto wengi, watoto hawapatani, na ugomvi wao unaielekeza nyumba kwenye kuvunjika. Aliusimulia kwa nyimbo, ngoma, ala na lugha za makabila yetu, zikipokezana jukwaani. Mkumbuke ilikuwa mwaka gani: nchi ilikuwa imetoka tu kuuana, na kaskazini na mashariki risasi zilikuwa bado zinalia. Kuweka ngoma ya Mwacholi na ya Muganda kwenye jukwaa moja wakati ule halikuwa pambo la sherehe ya uhuru.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Katikati ya miaka ya 1990, katika Jumba la Taifa la Maigizo pale Barabara ya Dewinton, uliigizwa kwa Kiganda mchezo wa Mjerumani Bertolt Brecht, Mother Courage and Her Children, ule wa mama mchuuzi na watoto wake. Kiganda chake kiliitwa Maama Nalukalala N'Ezzadde Lye. Mwongozaji alikuwa Jessica Kaahwa, huyo huyo ambaye mwaka 2011 alipewa heshima ya kuandika ujumbe wa Siku ya Kimataifa ya Tamthilia kwa ajili ya dunia nzima. Mama mwenyewe aliigizwa na Rose Mbowa, akiwa amevuka umri wa miaka hamsini.

Brecht aliuandika mchezo huo mwaka 1939 na kuuweka katika vita vya Ulaya vya karne ya 17. Mama anakokota gari la bidhaa nyuma ya majeshi. Anauza pombe, viatu, mikanda, chochote. Vita ndiyo riziki yake, na vita hiyo hiyo inamchukulia watoto wake watatu, mmoja baada ya mwingine. Kuna sehemu moja ambayo kila mwigizaji wa nafasi hiyo hupimwa nayo. Askari wamemuua mwanawe mmoja. Wanamleta kwenye machela, wamemfunika shuka. Wanaifunua. Wanamwuliza mama: unamjua huyu? Akikiri, naye amekwisha. Anamtazama mwanawe. Anatikisa kichwa. Maiti inabebwa kwenda kutupwa.

Waheshimiwa, sehemu hiyo haikuhitaji kuelezwa Kampala. Enzi za Amin maiti za watu zilitupwa msitu wa Namanve. Hapa kwetu Jinja wazee wanajua maji ya bwawa la Owen Falls yalibeba nini siku zile. Kulikuwa na wazazi walioogopa kwenda kudai maiti ya mtoto wao, kwa sababu kumdai kulikuwa ni kujitaja. Hadhira iliyokaa kwenye viti vile ilikuwa imetoka huko, na mwanamke aliyesimama mbele yao alikuwa ameishi miaka hiyo hiyo, nchi hiyo hiyo. Sidhani kama kuna jukwaa jingine duniani ambapo kutikisa kichwa kule kulikuwa na uzito kama wa siku zile pale Dewinton.

Muhula huu wanafunzi wangu waliijaribu sehemu hiyo kwa Kiswahili. Tulitumia mkokoteni wa muuza maji anayeishi jirani na shule, bado ukiwa na madumu yake ya njano, na shuka la bweni. Msichana wa kidato cha tano aliyekuwa mama alirudia kutikisa kichwa mara nyingi. Mara alikwenda haraka mno, kama anayekataa chai. Mara alianza kulia kabla shuka haijafunuliwa, na askari wake wakamkumbusha kwamba akilia watamjua. Mwishowe akasimama, akaniuliza: "Mwalimu, Profesa Mbowa alifanyaje hapa? Uso wake aliufanyaje?"

Nilichoweza kumwonyesha kilikuwa uso wa mwanamke mwingine. Helene Weigel, mke wa Brecht, aliicheza nafasi hiyo Berlin mwaka 1949. Mchezo ule ulipigwa picha hatua kwa hatua, na picha zikakusanywa ili waongozaji wa baadaye wajifunze. Mwaka 1961 ukafanywa filamu, Weigel akiwamo. Kwa hiyo leo mtu yeyote mwenye simu anaweza kumwona Weigel akifungua kinywa chote baada ya mwanawe kuuawa, kichwa kimerudi nyuma, na sauti haitoki. Mwanafunzi wangu akaitazama picha hiyo muda mrefu. Akanirudishia simu, akaniuliza tena kuhusu wa kwetu.

Nimemtafuta wa kwetu. Nimeuliza kwa watu na kwa ofisi. Katika ofisi moja kijana mpole alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia vitu vya zamani viliwekwa stoo, na stoo ilihamishwa kabla yeye hajaajiriwa. Pengine kanda zipo. Pengine picha zipo kwenye albamu za watu, programu za onyesho zipo chini ya masanduku, na kitambaa alichojifunga kichwani kipo kwa mtu anayekitunza kwa mapenzi. Ila sijaona mlango ambao mwananchi anaweza kuubisha, akajaza fomu, akakaa, akawekewa Rose Mbowa amtazame. Mlango huo ndio ninaouomba.

Na msiniambie kwamba nchi yetu haiwezi, kwa sababu tumeshaweza.

Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, alirekodi muziki wa makabila yetu karibu nchi nzima. Kwa miaka mingi aliyetaka kuusikia alilazimika kwenda London, kwenye Maktaba ya Uingereza. Makerere ikafuatilia, nakala zikarudi, na leo chuo kina hifadhi ya muziki inayobeba jina la Wachsmann. Sisi wa Busoga tunajua thamani ya kazi hiyo: bigwala, tarumbeta zetu za vibuyu zilizopigwa kwa heshima ya mfalme, zilifikia hatua ya kubaki na wazee wachache tu wanaozijua, hata mwaka 2012 UNESCO ikaziandika miongoni mwa urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Vijana wakafundishwa. Zinasikika tena.

UBC nayo ilikuta kabati lenye negativu za picha za enzi ya Amin, zipatazo 70,000. Zikasafishwa, zikaanza kuingizwa kwenye kompyuta kwa ushirikiano na Makerere na vyuo vya nje, na mwaka 2019 baadhi yake zikaonyeshwa pale Makumbusho. Nilifurahi kazi hiyo ilifanyika. Lakini nchi inayoweza kuokoa picha za dikteta akikagua gwaride inaweza pia kumwokoa mwanamke aliyesimama jukwaani akatutikisia kichwa kwa niaba ya wote tuliotishwa.

Kwa hiyo nasema wazi ninachoomba.

UBC, mlirithi redio na televisheni ya taifa. Fungueni makabati ya kanda za miaka ya 1980 na 1990, mtafute chochote chenye sauti au sura yake, na mtangaze kilichopatikana. Hata kama ni dakika tano za mahojiano, ni dakika tano. Kanda za sumaku zinaoza, hasa kwenye joto na unyevu wetu; kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyokuwa ngumu kuchezeka.

Makerere, hapa ni nyumbani kwake. Mna idara ya sanaa za maonyesho na filamu. Mna wanafunzi wanaohitaji mada za utafiti kila mwaka. Mna tayari hifadhi ya muziki ya kuigwa. Wapeni wanafunzi hao vinasa sauti, muwatume kwa walioigiza na Mbowa, waliomfanyia taa, waliomshonea maleba, waliokaa safu za nyuma. Wawaulize maswali madogo, kama lile la mwanafunzi wangu: alisimama wapi, alishika nini mkononi, alinyamaza kwa muda gani. Watu husema kwa urahisi kwamba "alikuwa mwigizaji mkubwa", na mwigizaji kijana hapati la kujifunza hapo. Ninyi pia mnajua moto ni nini. Septemba 2020 tuliangalia Jengo Kuu likiwaka usiku, na nyaraka zikiteketea ndani yake. Kitu kilichowekwa mahali pamoja tu, kwa nakala moja tu, hakijahifadhiwa.

Kituo cha Taifa cha Utamaduni, Jumba la Taifa la Maigizo ni lenu na limesimama tangu 1959, na ule ukuta wake wa mbele wenye matundu ya zege kila mtu wa Kampala anautambua. Mengi yamesemwa kwa miaka mingi kuhusu kulibomoa au kulijenga upya. Sitaingia kwenye mjadala huo leo. Ninachoomba ni chumba ndani ya jumba hilo, hata kidogo, ambamo mgeni anayeingia kununua kikapu kwenye kijiji cha sanaa kule nyuma anaweza kuona nani aliwahi kusimama kwenye jukwaa hili: Mbowa, Kawadwa, Wycliffe Kiyingi na wenzao. Sasa hivi mtoto anaweza kupita pale miaka yote ya shule asijue majina hayo.

Mheshimiwa Waziri, utamaduni uko chini ya wizara yako, na bila neno lako taasisi hizi tatu zitaendelea kungojeana. Tunayo sera ya taifa ya utamaduni, na Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inawatambua waigizaji pia kuwa na haki katika maonyesho yao. Kwa hiyo kazi hii ianze kwa adabu: familia yake iulizwe kwanza, na lolote litakalokusanywa lisigeuke bidhaa ya mtu binafsi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nahangaika na jukwaa wakati vijana wamehamia kwenye filamu. Ni kweli wamehamia. Tume ya Mawasiliano imekuwa ikiandaa tamasha la filamu tangu 2013, na wasichana wa klabu yangu wanamtaja Madina Nalwanga wa filamu ya Queen of Katwe kama mtu wa familia. Wamemwona akicheza nafasi ya Phiona Mutesi, binti mchezaji wa sataranji, katika filamu hiyo ya mwaka 2016, wameirudia filamu ile mpaka wanajua maneno ya Lupita Nyong'o aliyekuwa mama yake. Nawapenda kwa hilo. Lakini tazameni kinachowawezesha: filamu wanaweza kuirudia. Wanasimamisha picha, wanatazama jicho, wanajaribu wenyewe. Waigizaji wetu wa jukwaani, ambao ndio waliofundisha wengi wa hawa wa filamu, hawana mahali pa kurudiwa. Makerere ya Mbowa imelea waongozaji, waigizaji wa redio, watunzi wa michezo ya televisheni. Ukifuata kazi zao nyuma, unafika kwake, kisha njia inakatika.

Nina ombi jingine, na hili linatoka kwa mwalimu wa Kiswahili. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni. Walimu tumeipokea kazi. Tunachokosa ni maandishi yenye harufu ya Uganda. Wanafunzi wangu wanasoma tamthilia nzuri za Kenya na Tanzania, ila wanauliza za kwao ziko wapi. Hadithi ya mama na watoto wake wasiopatana, aliyoitunga Mbowa mwaka 1987, ingefaa sana kuchezwa kwa Kiswahili, huku nyimbo za kila kabila zikibaki kwa lugha zake. Wenye haki wakikubali, wizara igharimie tafsiri na ikague tafsiri hiyo kwa makini. Halafu gari lipatikane, maleba yapakiwe, na mchezo upelekwe Busia, Arua, Gulu, Mbarara, Kasese na kwetu Jinja, bila kiingilio. Mbowa aliwahi kusafiri hivyo akiwa binti mdogo. Alipokuwa profesa bado alikuwa akipeleka tamthilia vijijini, ili watu wazungumzie matatizo yao wenyewe wakiwa wamekaa chini ya mti.

Siku ya Kimataifa ya Tamthilia ni tarehe 27 Machi. Naomba kabla ya siku hiyo ijayo mtangaze mambo matatu tu: ofisi ipi imepewa kazi hii, nani msimamizi wake, na wananchi wenye picha, kanda au kumbukumbu wazipeleke wapi. Fedha za kuanzia si za kujenga barabara. Ni vinasa sauti, nauli, na mshahara wa mtu mmoja au wawili wanaojua kazi ya nyaraka.

Huku Jinja tayari tumepata mama mmoja mstaafu, aliyekuwa kwenye viti vya Dewinton usiku mmoja wa Maama Nalukalala. Amekubali kuzungumza. Wanafunzi wangu wameandika maswali yao, na la kwanza kwenye orodha ni la uso. Tutamrekodi kwa simu Jumamosi, kwa sababu ana umri na hatutaki kumngojesha. Tunaomba mtuambie tuilete wapi sauti hiyo.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa klabu ya maigizo, Jinja